Kabla hujahamishia picha zako kwenye apu za blokucheni, fanya haya kwanza

Siku hizi ukilalamika tu kwamba Instagram hawaonyeshi posti zako kwa watu, au wamekufungia akaunti bila maelezo, lazima atokee mtu akwambie hamia kwenye apu za blokucheni, kule picha ni zako, hakuna bosi, na juu ya hapo unalipwa. Mi nimekaa huko muda mrefu kidogo, nimepata vihela na nimepoteza picha pia, kwa hiyo sikwambii usiende. Nenda ila ujue unaenda wapi, maana hayo maneno matatu kila moja lina ukweli nusu na nusu nyingine ndo inayoumiza watu.

Hili lishike kabla ya yote: blokucheni inatunza risiti, haitunzi picha.

Yaani blokucheni ni daftari moja ambalo kopi zake ziko kwenye kompyuta nyingi za watu tofauti, kila ukurasa mpya umefungwa na ule uliotangulia ndo maana huwezi kurudi nyuma ukafuta mstari bila kila mtu kuona. Sasa picha moja ya simu ya kisasa ni megabaiti kadhaa, fikiria hiyo inakiliwe kwenye kompyuta zote hizo, afu mamilioni ya watu wanaposti kila siku, haiwezekani, au inawezekana kwa gharama ambayo hamna mtu atalipa. Kwa hiyo kinachoandikwa kwenye daftari ni jina la akaunti yako, tarehe, kapsheni, labda na heshi (ntaielezea huko mbele), na linki inayoonyesha picha iko wapi. Picha yenyewe inakaa kwingine kabisa, na hapo kwenye "kwingine" ndo kesi yote ilipo.

Kuna apu moja nilikuwa naposti karibu kila siku, jina naliacha. Ikafa. Siku moja nikaenda kuangalia daftari na kweli kila kitu kipo, jina langu, tarehe, maneno niliyoandika, hata nani alilaiki, ila kila linki ya picha nikiibonyeza haifunguki, maana picha zilikuwa kwenye seva ya wenye apu na seva waliizima. Nikabaki na risiti za duka lililobomolewa.

Haya tuanze.

Hatua ya 1: jua unakimbia nini

Usiruke hii, wengi wanahama kwa hasira tu. Kama shida yako ni matangazo na video usizoziomba, huhitaji blokucheni hata kidogo. Ipo Pixelfed, imekuwepo tangu 2018, ni ya kuposti picha kama Instagram ya zamani ila inaendeshwa na seva nyingi za watu mbalimbali zinazoongea zenyewe kwa zenyewe, hamna tokeni (sarafu ya kidijitali ya mtandao husika) wala pochi ya sarafu (programu inayotunza funguo za akaunti na tokeni zako), hamna daftari lisilofutika. Watu wanachanganya hivi vitu viwili kila siku, wanadhani kila kisicho na kampuni moja kubwa basi ni blokucheni. Hapana.

Kama shida yako ni kwamba unaogopa kufungiwa akaunti na kupoteza wafuasi wote, hapo blokucheni ina jibu la maana. Mfano Lens, iliyoanza 2022, profaili yako inaandikwa kwenye daftari kama kitu chako kilicho ndani ya pochi yako, kwa hiyo apu moja ikikuboa unaingia na profaili ileile kwenye apu nyingine iliyojengwa juu ya Lens na wafuasi wako unawakuta hukohuko. Kwa Instagram hilo halipo, wafuasi ni wa Instagram, wewe umekodishiwa tu.

Kama unauza kitu au kazi yako ni kupiga picha na wateja wanakupata kwenye mitandao ya kawaida, jibu ni fupi: usihame. Ongeza, usihame. Watu hawako kule, na picha nzuri isiyoonekana na mtu haikulishi.

Na kama unachokimbia ni bosi, sikiliza hii kwanza. Steemit ilianza 2016 juu ya blokucheni inayoitwa Steem, unaposti, watu wanakupigia kura, unalipwa kwa tokeni, na nguvu ya kura ya mtu inategemea ana tokeni ngapi. Februari 2020 Justin Sun, mwanzilishi wa TRON, blokucheni nyingine, akainunua kampuni ya Steemit ambayo ilikuwa imekalia rundo kubwa sana la tokeni. Waliokuwa wanaendesha mtandao wakaingiwa na hofu wakazifungia tokeni hizo, mwezi uliofuata baadhi ya masoko makubwa ya sarafu yakapiga kura upande wa mnunuzi kwa kutumia tokeni ambazo wateja walikuwa wameziweka tu kwao, na uongozi ukageuka. Kwa hiyo bosi yupo, ni yule mwenye mzigo mkubwa. Lakini hadithi haiishii hapo, tarehe 20 Machi 2020 kundi kubwa la watumiaji wakabeba kopi ya daftari zima, posti zote na majina yote, wakaanzisha mtandao wao unaitwa Hive na bado upo. Hebu niambie ni lini watumiaji wa Facebook wataweza kubeba Facebook wakaondoka nayo. Mi hii stori naipenda kwa sababu inakuonyesha ubovu na uzuri wa hivi vitu kwa wakati mmoja.

Hatua ya 2: toa kopi ya kila kitu ulichonacho sasa

Kabla hujafungua akaunti yoyote mpya, ingia kwenye setingi za Instagram au Facebook, tafuta sehemu ya kupakua taarifa zako, omba kopi. Watakuuliza unataka aina gani ya faili, chagua HTML kama unataka kusoma mwenyewe, JSON ni ya kusomwa na programu. Haiji papo hapo, unasubiri, linki ikitoka pakua mapema kwa sababu huwa ina muda wake.

Ila jua kwamba picha utakazopata humo sio zile ulizopiga. Hii mitandao inabana picha, Instagram kwa miaka mingi imekuwa inashusha hadi upana wa pikseli 1080, kwa hiyo orijino iliyopo kwenye simu au kamera ndo mali, hiyo ya kwenye mtandao ni kivuli chake. Tafuta orijino zako zote weka sehemu mbili, moja iwe diski ya nje unayoishika mkononi. Mtandao wowote, wa zamani au mpya, usiufanye stoo. Photobucket, tovuti ya kutunza picha, mwaka 2017 waliamka wakasema ukitaka picha zako zionekane kwenye tovuti nyingine lipa dola 399 kwa mwaka, watu kibao picha zao zikapotea kwenye kurasa walizokuwa wameziweka kwa miaka. Flickr nao wakaweka kikomo cha picha 1,000 kwa wasiolipa. Wala hawakuvunja sheria yoyote, seva ni zao.

Hatua ya 3: safisha picha

Picha ya simu ina maandishi yamejificha ndani yake, aina ya simu, saa, na kama GPS ilikuwa imewashwa, mahali kamili uliposimama. Hayo yanaitwa EXIF. Instagram ukiposti wanayaondoa kwenye picha inayoonekana na watu (wao wenyewe wanabaki nayo wanavyojua), kwa hiyo tumezoea kuposti bila kufikiri. Apu ndogo nyingi za blokucheni zinachukua faili lako zinalipeleka kama lilivyo. Umepiga picha ya mtoto sebuleni, umeposti, na umeandika nyumba yako iko wapi kwenye kitu ambacho hakifutiki.

Kwa hiyo ondoa mahali kabla ya kuposti. Simu nyingi ukibonyeza kushea picha kuna sehemu ya kuzima mahali, ukishindwa kabisa piga skrinishoti ya picha uposti hiyo, ubora unashuka ila GPS haimo.

Hatua ya 4: ijaribu apu kwa picha isiyo na maana

Hii ndo hatua yenyewe, zingine zote unaweza kusahau. Mi hutumia picha ya kiatu.

Fungua akaunti, posti kiatu, afu nenda kwenye kompyuta fungua posti yako kwenye brauza, bonyeza picha kwa kitufe cha kulia cha mausi ukopi anwani ya picha. Isome. Ukikuta inaanza na jina la apu yenyewe au la kampuni inayokodisha seva, basi picha yako iko kwenye kompyuta ya mtu kama ilivyo Instagram, tofauti ni kwamba Instagram ina hela ya kulipia seva zake mwakani na hii apu huna uhakika. Hata Hive iko hivyo, maneno ya posti yanaandikwa kwenye daftari kweli, picha zinakaa kwenye seva ya picha pembeni. Sio dhambi, ila ujue.

Ukikuta neno ipfs na mlolongo mrefu wa herufi na namba, huo ni mfumo mwingine, picha haitafutwi kwa mahali ilipo bali kwa kilichomo ndani yake, yule yeyote mwenye kopi anaweza kukupa. Inasikika vizuri na ni nzuri, ila wenye apu huwa hawasemi sehemu ya pili, kwamba IPFS haimlazimishi mtu yeyote kuitunza picha yako. Lazima awepo mmoja aliyeamua kuishikilia, kitaalamu wanasema ameipini, na mara nyingi huyo mmoja ni wenye apu. Wakiacha kulipia na hamna mwingine mwenye kopi, ule mlolongo wa herufi unabaki unaita jina la mtu aliyehama. Dawa ni kuzipini wewe mwenyewe, kuna huduma za kupini na unaweza pia kuendesha kwenye kompyuta yako kama huwa haizimwi.

Ukikuta Arweave, hao wanatoza mara moja mwanzoni na mpango wao ni kutunza daima, hela uliyolipa inawekwa kwenye mfuko wa kulipa watunzaji huko mbeleni. Kwa picha ambazo hutaki zipotee hii ndo naiona ina mantiki zaidi, mradi uwe na uhakika hutokuja kutaka zipotee.

Baada ya hapo jaribu kufuta kiatu. Kifute kwenye apu, subiri, afu bandika ile anwani uliyokopi. Nimeona zaidi ya mara moja posti imetoweka kwenye apu na picha bado inafunguka vizuri tu. Na kwenye daftari rekodi ya kwamba uliposti ipo na rekodi ya kwamba ulifuta ipo, yaani umeongeza mstari, hujapunguza. Ulaya sheria ya GDPR inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zifutwe, kampuni kubwa unaiandikia na inabidi ikujibu. Daftari la kompyuta elfu utaliandikia barua kupitia nani?

Kwa hiyo kanuni yangu, picha za watoto hapana, picha za watu ambao sijawauliza hapana, picha za mapenzi hapana kabisa hata kama mnapendana vipi.

Hatua ya 5: funguo

Kwenye mitandao ya kawaida ukisahau paswedi unabonyeza "nimesahau", unatumiwa namba ya kuingilia, yameisha. Huku ukipoteza maneno yako ya siri umepoteza akaunti, tokeni na jina, na hamna ofisi ya kwenda kulia. Mara nyingi ni maneno 12 au 24 ya kawaida kabisa yaliyochaguliwa kutoka kwenye orodha ya maneno 2,048, mpangilio wake ndo ufunguo. Andika kwenye karatasi kwa kalamu, mbili, weka sehemu mbili. Usipige skrinishoti maana skrinishoti inapanda yenyewe kwenye bakapu ya mtandaoni na siku akaunti yako ya barua pepe ikiibiwa na hayo yanaenda. Na yeyote anayekuomba hayo maneno, awe anajiita huduma kwa wateja, msaada wa kiufundi, nani, ni mwizi. Hakuna sababu halali ya mtu kukuomba. Nimeandika sentensi hiyo kwa utulivu ila ujue nimewahi kuona mtu mwenye akili zake akiyatuma.

Kwenye Hive wamegawa funguo, wa kuposti, wa kuhamisha hela, wa mmiliki, na mwingine wa ujumbe wa siri. Ingia kwenye apu ya picha kwa ule wa kuposti tu, ukiibiwa huo mwizi ataposti ujinga kwa jina lako lakini hela hagusi. Ule wa mmiliki hauingii kwenye apu yoyote. Huu mgawanyo naukubali sana, natamani na wengine wangefanya hivyo. Kwa apu zinazotumia pochi ya kawaida fungua pochi mpya isiyo na kitu, usiunganishe ile yenye akiba yako, maana kuna apu unabonyeza kitufe unadhani ni kulaiki kumbe umesaini ruhusa ya kuchota tokeni. Soma kilichoandikwa kwenye kidirisha kabla ya kusaini, ukiona huelewi kataa.

Hatua ya 6: kuhusu kulipwa

Unalipwa kweli. Kwenye Hive posti inapigiwa kura siku 7 afu malipo yanagawanywa nusu kwako na nusu kwa waliokupigia kura. Sasa angalia vizuri, kura ya mtu mwenye tokeni nyingi inazidi kura za watu mia wasio nazo, kwa hiyo picha ya kawaida ya mtu anayejulikana na wazito inalipwa kuliko picha kali ya mgeni, na mzito akikupigia kura ya kushusha, malipo yako yanapungua. Wageni wanakaa mwezi wanapata senti wanaondoka na hasira. Ukitaka kufika mahali inabidi ukae kwenye makundi ya wapiga picha, ukomenti kwa maana, ujulikane, yaani kazi ileile ya Instagram. Na sehemu ya unacholipwa inaweza kuwa imefungwa kama nguvu ya kura, kuifungua inatoka kidogo kidogo kwa wiki 13, na ndani ya wiki 13 bei ya tokeni inaweza kuwa imeenda kokote.

Apu yoyote inayokutaka ulipe kwanza ndo uanze kulipwa, funga.

Halafu jihadhari na makelele ya majina makubwa. Januari 2018 jina la Kodak lilitolewa kwa mradi wa blokucheni wa kulinda picha na sarafu yake KodakCoin, hisa za Kodak zikapaa kwa tangazo tu. Tafuta leo mpiga picha anayelipwa kwa KodakCoin.

Hatua ya 7: tumia daftari kwa kile linachokiweza

Nilisema ntaielezea heshi. Unachukua faili la picha unalipitisha kwenye hesabu, mfano SHA-256, linatoka neno moja refu la herufi na namba zilizochanganyika, jumla 64. Badilisha pikseli moja tu, linatoka neno tofauti kabisa. Ukiliandika hilo neno kwenye blokucheni umeweka ushahidi wenye tarehe kwamba hilo faili lilikuwepo siku hiyo, bila kumwonyesha mtu picha. Kwa mpiga picha hii ni silaha, na ni bora kuliko kuposti.

Mambo mawili ila. Heshi ipige kwenye orijino na orijino uitunze isiguswe, maana ile iliyobanwa na mtandao ni faili jingine na heshi yake ni nyingine, hata kwa macho zifanane vipi. Na heshi inathibitisha faili lilikuwepo, haithibitishi ulipiga wewe, mwizi naye anaweza kuiandikisha picha yako kabla yako. Ndo maana usikubali mtu akuuzie apu kwa kusema bila blokucheni picha sio yako. Hakimiliki inaanza pale unapobonyeza kitufe cha kamera, ndivyo mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unavyotaka, hauhitaji kujiandikisha popote. Hata masharti ya Instagram yanasema picha inabaki yako, unachowapa ni leseni ya kuitumia, leseni pana mno ndiyo, lakini umiliki hawachukui. Na picha yako ikiibwa ikapostiwa Instagram kuna fomu ya kuripoti na mara nyingi inashushwa, ikipostiwa kwenye apu za daftari unaweza kuwaomba wenye apu waifiche ndani ya apu yao, ila apu nyingine inayosoma daftari hilohilo inaweza kuendelea kuionyesha kama kawaida.

Hatua ya 8: zote mbili kwa miezi mitatu

Usifute akaunti ya zamani. Posti kwenye ya zamani kwa ajili ya watu, kwenye ya blokucheni weka chache unazozijali na ambazo uko tayari zikae milele. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kama saa sita, waliokuwa na sehemu ya pili ya kupatikana walijua thamani yake siku hiyo.

Ndani ya hiyo miezi mitatu chukua simu nyingine, isiyo na kitu chako chochote, na ile karatasi uliyoandika maneno. Jaribu kuingia. Ikikataa bado una simu ya kwanza iko wazi, rekebisha sasa hivi. Ikikubali angalia kama kile kiatu ulichokifuta bado kipo.